Mary Schäffer wa milima ya Rocky: nani anaijua kazi yake ya kuchora maua na kupaka rangi vioo?

BintiPangani

Hamjambo wanajukwaa. Niko Calgary, Kanada. Kazi inayonipa riziki ni kuwatunza wazee majumbani kwao, lakini kitu ninachokipenda ni kuchora maua kwa rangi ya maji. Jumamosi huwa tunakutana kina mama wa Afrika Mashariki, tunachora, tunakunywa chai, tunaongea. Safari hii zamu ya kusimulia habari za mchoraji mmoja imeniangukia mimi, na nimemchagua Mary Schäffer.

Nilimfahamu kupitia picha aliyoipiga yeye. Baba, mama na binti yao mdogo, watu wa kabila la Nakoda, wameketi kwenye nyasi wanatabasamu kabisa. Baba ni Samson Beaver, mama ni Leah, mtoto ni Frances Louise. Picha nyingi za zama zile watu wamekaza nyuso kama wanasubiri hukumu, hawa wanamtazama mpiga picha kama jirani aliyepita kuwasalimu. Nikasoma kwamba huyu mama alikuwa akipaka rangi slaidi zake za kioo, zile picha za kuonyeshwa ukutani kwa projekta, kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa mimea. Tangu siku ile hajanitoka akilini.

Shida yangu ni hii: nikiwauliza wenyeji, jibu ni moja tu, "ni yule aliyegundua ziwa Maligne", ziwa la milima ya Rocky huku Kanada. Basi, wamemaliza. Mimi nataka habari za brashi yake. Alijifunzia wapi? Slaidi ya kioo inapakwaje rangi? Na kwa nini maua yake hayazungumzwi? Mwenye kujua anisaidie, nitashukuru sana.

Mchagga_wa_Machame

Dada, nami nimepita Maligne na watalii wangu wa zamani walionialika. Pazuri mno. Ila hili neno "aliyegundua" tulikatae mapema. Kwetu nako tumefundishwa kwamba mmisionari Rebmann "aliugundua" Kilimanjaro mwaka 1848, na wazee wetu walikuwa wakilima migomba chini yake. Wanakoda walilijua lile ziwa, na jina walikuwa nalo: Chaba Imne. Ukisimulia, anza na hapo.

MzeeWaStudio

Binti yangu, umenigusa penyewe. Mimi ni mzee wa Mombasa, sasa niko Edmonton kwa wanangu. Ujana wangu ulipita katika studio ya picha, enzi za picha nyeusi na nyeupe. Bwana harusi akitaka suti yake ionekane ya buluu, bibi harusi akitaka dhahabu zake zing'ae, aliyekaa na kijiti kilichozungushiwa pamba na rangi za mafuta ni mimi. Kwa hiyo nikitazama slaidi ya Mary Schäffer naiona kazi ya mikono, na nina mengi ya kusema. Univumilie.

Maisha yake ya mwanzo nitayapitia haraka. Alizaliwa mwaka 1861 West Chester, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa jina la Mary Townsend Sharples. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye nafasi, Marafiki kwa dini, yaani Wakweka, dhehebu lile lile lililokuja kufungua misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Uchoraji wa maua alifundishwa na George Lambdin, mchoraji wa Philadelphia aliyesifika kwa mawaridi. Mwaka 1889 akapanda treni na rafiki yake Mary Vaux hadi Glacier House, hoteli ya reli katika milima ya Selkirk, magharibi mwa Kanada. Huko akakutana na Dk. Charles Schäffer, tabibu wa Philadelphia ambaye moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Alikuwa amemzidi miaka zaidi ya 20. Wakaoana, na kila kiangazi wakawa wanarudi milimani.

Sasa tazama walivyogawana kazi, maana hapo ndipo utamwona mchoraji. Mume anachuma, anakausha, anaupa mmea jina lake la kisayansi. Mke anachora na kupiga picha. Ua la mlimani ukilibana kwenye karatasi na kulikausha, umbo linabaki lakini rangi inaondoka. Buluu inafifia, waridi linageuka hudhurungi. Miaka michache ukifungua ile karatasi huwezi kumwambia mtu lilikuwa ua la namna gani likiwa hai. Kwa hiyo mchoraji ndiye mwenye ushahidi wa rangi, na muda wake ni mfupi, kwa sababu ua lile halikai. Limechumwa asubuhi kando ya barafu, mchana limeshalegea shingo. Mchoraji lazima aiwahi rangi kwanza, majani na shina yatafuata.

Novemba 1903 Charles akafariki. Mary alikuwa na miaka 42, na kitabu cha mimea walichokuwa wakikikusanya kilikuwa nusu. Angeweza kukiacha, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikusudia kimalizike. Kikwazo kilikuwa kwamba mume alikuwa na ugonjwa wa moyo, hivyo siku zote walichuma karibu na reli. Maua yaliyobaki yalikuwa juu, mahali pa kufikia kwa farasi na kulala hemani. Na Mary alikuwa akiogopa farasi, na zaidi ya farasi aliogopa dubu. Akamwajiri mwongozaji kijana, Mwingereza Billy Warren, amfundishe kupanda farasi na kuishi porini. Mwanamke wa mjini, mjane, mwenye umri ule, anajifunza upya mambo yote hayo kwa ajili ya maua ya kitabu cha marehemu mumewe. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa ziwa.

Kitabu kilitoka mwaka 1907, Alpine Flora of the Canadian Rocky Mountains. Maneno yameandikwa na Stewardson Brown, mtaalamu wa mimea wa Philadelphia, michoro ya rangi ya maji na picha ni za Mary. Ukurasa wa mbele unamtaja "Mrs. Charles Schäffer". Desturi ya wakati ule, najua, lakini inaniuma. Mtu anayekifungua anakutana na jina la marehemu, na mkono ulioshika brashi umejificha nyuma yake. Wakikuuliza kwa nini maua yake hayazungumzwi, jibu moja ni hili.

Tuje kwenye kioo, kazi ninayoijua.

Slaidi ya zama zile ni kipande cha kioo kinachoenea kiganjani. Kiwango cha Amerika Kaskazini ni kama sentimeta 8 kwa 10. Upande mmoja una utando wa jelatini wenye picha nyeusi na nyeupe, na picha ile ndiyo unayoipaka. Kioo unakiegemeza kwenye fremu yenye mwanga kwa nyuma, kwa sababu ukikipaka juu ya meza utadanganyika: rangi utakayoiona mezani siyo rangi itakayotokea ukutani. Rangi lazima ipitishe nuru. Ukichukua rangi nzito ya kawaida ukapaka anga, mezani itakuwa buluu ya kupendeza, ukiitia kwenye projekta ni doa jeusi, basi. Ndiyo maana wapaka slaidi walichagua chache zinazopitisha mwanga, kama buluu ya Prussia, manjano ya gamboji na nyekundu ya damu ya mzee. Kijani walikipata kwa kupitisha buluu juu ya manjano.

Nyeupe hakuna. Hili ndilo kubwa. Kwenye karatasi unaweza kuacha karatasi au kutia rangi nyeupe. Kwenye kioo, weupe ni mahali ulipoacha kugusa. Barafu, theluji, maporomoko, wingu, vyote hivyo ni kioo kitupu kilichopitisha nuru. Kwa hiyo mpaka rangi wa milima ya Rocky, nusu ya ufundi wake ni kujua pa kutogusa. Nimezitazama slaidi zake kwa utulivu, na yule mama alijua. Theluji ameiacha ipumue, akatia buluu kidogo tu kwenye kivuli chake. Anga walikuwa wakiipaka kwa brashi nyevu kisha kuigonga-gonga kwa ncha ya kidole mpaka michirizi ipotee. Na kosa hapa halisameheki: picha ya kiganjani inakwenda kuwa ukuta mzima, nywele moja ya brashi iliyonasa inakuwa kama kamba.

Ikishakauka, unaweka karatasi nyeusi yenye dirisha, unafunika kwa kioo cha pili, unazungushia utepe kingoni. Kazi imekwisha, na kuanzia hapo vumbi haliingii.

Mtu atauliza, mbona picha za rangi zilikuwapo? Kweli, ndugu Lumière wa Ufaransa walianza kuuza vioo vyao vya autokromu mwaka huo huo wa 1907. Lakini vilitaka mwanga mwingi na muda mrefu, hata juani ua lisitikisike kwa sekunde kadhaa. Upepo wa mlimani hauna adabu hiyo. Mary alikuwa na njia bora: kamera ichukue umbo, rangi aitie mwenyewe, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa amezichora rangi zile zile kwa rangi ya maji, ua likiwa hai mbele yake. Hapo ndipo kuna tofauti yake na wapaka slaidi wa madukani. Mpaka rangi wa dukani Philadelphia hajawahi kuuona mlima ule. Anapaka nyasi kijani, anga buluu, maua mekundu, imetosha. Mary alikuwa akijua kwamba ua hili ni la manjano ya limau na lile ni la manjano ya yai. Mikutano aliyoonyesha slaidi zake, watu waliokuwa hawajafika huko waliziona rangi zenyewe.

Ziwa nalo nikugusie, usije ukaulizwa ukakwama. Mwaka 1907 yeye na rafiki yake Mary Adams, pamoja na Billy Warren na mwongozaji mwingine, Sid Unwin, walizunguka milimani miezi minne bila kulifikia. Samson Beaver, huyo baba wa kwenye picha yako, alikuwa amefika huko utotoni na baba yake. Akamchorea Mary ramani kutoka kichwani. Kiangazi cha 1908 wakaifuata ile ramani. Unwin akapanda mlima akaliona ziwa kutoka juu, wakaunda chelezo cha magogo wakaingia majini. Mwaka 1911 Mary akarudi kulipima kwa ombi la upande wa serikali ya Kanada, na mwaka huo huo kitabu chake cha safari kikatoka. Mlima mmoja pale ziwani unaitwa Samson, mwingine Unwin. Ndugu yangu wa Machame amesema kweli. Anayesema "amegundua" amemfuta mchora ramani.

Mwaka 1912 alihamia Banff kabisa, 1915 akaolewa na Billy Warren, na akafariki hapo hapo Banff mwaka 1939.

HebariaNairobi

Naongezea machache. Mimi nachora mimea kwa kazi, hapa Nairobi. Mzee amemaliza kioo, mimi niseme juu ya ua kwenye karatasi, kwa sababu watu hudhani tunachora mapambo.

Mchoro wa mimea unahukumiwa kwa swali moja: mtaalamu akiutazama bila mmea wenyewe, anaweza kuutambua? Kwa hiyo stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, zinahesabiwa, hazikisiwi. Kama ni 6 ziwe 6. Majani yanakaa mkabala au yanapishana, lazima yaonekane. Vinyweleo vya shina vinaelekea juu au chini, navyo vinatazamwa kwa lenzi. Halafu mchoraji anakabiliwa na uamuzi ambao kamera haiwezi kuufanya: kamera inapiga ua hili moja, lenye petali iliyoliwa na mdudu. Mchoraji anaangalia maua kadhaa ya aina ile ile, anachora lile linalowakilisha wenzake.

Dada BintiPangani, pia usisahau kwamba tuna mfano wetu hapa. Joy Adamson dunia nzima inamjua kwa simba Elsa. Wachache wanajua kwamba kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua ya Kenya. Alianza alipokuwa mke wa Peter Bally, mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi. Mwaka 1947 alipewa medali ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kwa michoro hiyo. Kisha simba wakayafunika maua. Mary Schäffer kafunikwa na ziwa. Wote wawili waliolewa na watu wa mimea. Kina mama wa Jumamosi wana la kujadili hapo.

BintiPangani

Baba MzeeWaStudio, shikamoo. Mungu akupe afya. Nimeisoma mara mbili na wenzangu nimewatumia. Hilo la kuacha weupe bila kuugusa limenikaa, kwa sababu kwenye rangi ya maji nami huwa nashindwa kuacha karatasi, natia mkono mpaka naharibu.

Kaka wa Machame na wa Nairobi, asanteni. La Joy Adamson sikulijua kabisa.

Nina mawili ya mwisho, baba. Kwanza, kwenye baadhi ya picha za vioo vya zamani nyekundu imepauka, inakuwa kama chai ya maziwa. Ni yeye alipaka hivyo? Pili, tunataka Jumamosi ijayo kila mmoja ajaribu kupaka ua moja kwenye kioo. Tuanzie wapi, na bila gharama kubwa?

MzeeWaStudio

Marahaba binti yangu.

Nyekundu: usimlaumu mchoraji. Nyekundu za zama zile, hasa zile zinazopitisha mwanga, hazivumilii nuru. Kila slaidi ikiingizwa kwenye projekta inaunguzwa na taa kidogo kidogo. Buluu ya Prussia hudumu zaidi, kwa hiyo baada ya miaka mia picha inabaki na ubuluu, na nyekundu imekonda. Ukitazama slaidi ya namna hiyo, fikiria waridi lilikuwa na nguvu zaidi ya unavyoliona. Kule studioni tulikuwa tunawaambia wateja wasitundike picha ukuta unaopigwa na jua, sababu ni hiyo hiyo.

Kuhusu Jumamosi: nunueni vioo vidogo vya fremu za picha, vile vya bei rahisi, na kingo mzisugue kwa msasa mtoto asijikate. Safisheni kwa spiriti, kisha msiguse uso wa kioo kwa vidole, mafuta ya mkono yanaikataa rangi. Chukueni jelatini ya jikoni isiyo na sukari, iyeyusheni kwa maji ya uvuguvugu iwe nyepesi, mimina kidogo kwenye kioo, kiinamisheni huku na huku ienee, kisha kilazwe mahali tambarare pasipo na vumbi hadi kesho yake. Bila utando huo rangi ya maji itakusanyika matone matone.

Mchoro wa penseli uwekeni chini ya kioo, mfuatishe. Nuru itoke chini au nyuma: taa ya meza na karatasi nyeupe inatosha. Rangi iwe nyembamba, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likauke, la sivyo la pili litalifumua la kwanza pamoja na jelatini. Brashi iwe nyevu tu, isidondoke. Chagueni ua lenye weupe ndani yake, yungiyungi au asumini, mpate zoezi la kutogusa.

Mkimaliza, kioo cha pili juu, utepe kingoni, mshike dirishani.

Na wewe binti, Banff siyo mbali na Calgary. Kazi zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Whyte pale Banff, na picha zake nyingine zinatazamika mtandaoni. Piga simu kwanza, waulize kama slaidi zenyewe zinaweza kutolewa mkaziona, maana vitu vya kioo havitolewi ovyo. Mkikubaliwa, nendeni na lenzi ya kukuzia, na mwombe kuona ua kabla ya mlima. Kisha rudi hapa utuambie petali alizipakaje.